Mabango ya Sabuni na Fundi wa Karatasi

Bango la kwanza nilipewa bure. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kununua vioo.

Mkahawa mmoja kwenye kisiwa cha Shamian, hapa Guangzhou, China, kule kwenye majengo ya zamani ya Wazungu, ulikuwa unafungwa, na mwenyewe alikuwa anauza kila kitu mpaka vitasa vya milango. Mimi nilikuwa nimefungua chumba cha kuonyeshea jinzi, na wateja wangu wa Dar es Salaam na Unguja walikuwa wakinilalamikia kwamba wanajaribu suruali bila kujiona. Nikachagua vioo viwili virefu. Tulipokigeuza kimoja ili tukifunge blanketi, tukakuta nyuma yake karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, imebanwa kati ya kioo na mbao.

Niliifungua sakafuni. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mnene kidogo, amefunga kitambaa kichwani, anaanika shuka nyeupe kambani. Mbingu nyuma yake ilikuwa ya buluu iliyokolea mpaka inakaribia kuumiza macho. Pembeni, chini, palichorwa kifuko kidogo cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Maneno sikuyajua, yalikuwa ya lugha yao. Kile kifuko nilikijua. Ilikuwa nili, ile buluu ya kung'arishia nguo nyeupe.

Mama yangu alifua na kupiga pasi nguo za watu pale Tanga kwa miaka yote ya utoto wangu. Kanzu za Ijumaa, sare za wauguzi, vitambaa vya meza vya hoteli. Kanzu haikutoka kwake bila kutiwa nili katika maji ya mwisho, na baada ya nili kanji, wanga wa kukazia nguo, na baada ya kanji pasi ya mkaa. Kazi yangu mimi ilikuwa kukikamua kile kifuko ndani ya beseni. Ukizidisha, kanzu inatoka na mawingu, na mama hakuwa na mzaha na mawingu.

"Laoban," nilimwita mwenye mkahawa, maana huku kila mwenye duka ni laoban, tajiri, na mimi pia naitwa hivyo hivyo. "Hii nayo kiasi gani?"

Aliitazama kama mtu anayetazama gazeti la juzi. "Chukua," alisema. "Karatasi tu."

Niliitundika chumbani kwangu, nikaipiga picha, nikamtumia mama kwenye simu ya dada yangu. Jibu lilikuja kwa sauti yake mwenyewe.

"Mwanangu, huyu hajafua hata leso. Tazama kucha zake. Na shuka ameibana katikati, itabaki na alama. Lakini nili ametia kiasi chake, hapo simsemi."

Nilicheka peke yangu chumbani, nikaisikiliza tena. Nilikuwa na miaka minne Guangzhou wakati ule, na katika miaka hiyo mimi na mama tulikuwa tukizungumza habari za afya na habari za mizigo, basi. Siku ile tulizungumza habari za nili kwa saa nzima.

Aliyenisomea maneno ya bango alikuwa mteja wangu kutoka Lubumbashi, mtu mrefu, mpole, ambaye tulikuwa tukienda pamoja Xintang kukagua jinzi viwandani kabla hazijashonwa vifungo. Aliniambia bango linaahidi kwamba jirani atakuja kukuuliza umefanyaje. Kisha akasema, kwa Kiswahili chao cha kule, "Mama, Brussels kuko soko ya vitu ya zamani, banauzisha makaratasi ya namna hii. Dada yangu anakaa karibu. Nikuletee?"

Nikamwambia lete, lakini kwa sharti. Sitaki mvinyo, sitaki manukato, sitaki magari wala wacheza dansi. Nataka kitu ambacho mama yangu akikiona atasema, hiki tulikuwa nacho nyumbani.

Basi kila alipopitia Ulaya alirudi na kitu ndani ya bomba la karatasi. Vingine nilivipata mwenyewe, kwa Mchina mmoja anayeuza vitu vya kale, na kwa mama wa Kitaliano aliyekuja kununua mikoba. Nikapata sabuni ya mche, imechorwa kubwa kama jahazi na watoto watatu wamekaa juu yake. Nikapata jiko la mafuta ya taa na mpishi mwenye masharubu yaliyopinda kama vishikio vya birika. Paka anayejitazama kwenye kiatu kilichopigwa polishi. Msichana wa kakao. Kiberiti, kanji, mishumaa. Bwana mmoja mwekundu mwenye chupa ya siki, ambaye sikumpenda tangu siku ya kwanza, sijui kwa nini.

Bango moja halikuwahi kufika ukutani. Rafiki yangu wa Lubumbashi alilitoa la mwisho, akaliweka mezani likiwa limefunikwa uso. "Hii nilinunua ili isibaki kule sokoni," alisema. Nikaligeuza. Lilikuwa la sabuni pia, na ndani yake alikuwa mtoto mweusi katika beseni, anasuguliwa, na nusu ya mwili wake imeshakuwa nyeupe. Wazungu kando wanachekelea. Nikamwuliza kama atakasirika nikilichana. "Chana, mama," alisema, na tukalichana pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Sijajuta. Lakini nalitaja hapa kwa sababu napenda mabango yangu bila kujidanganya yametoka wapi.

Wenzangu wafanyabiashara walinitania sana. Mmoja, Mzanzibari tuliyekuwa tukipishana kila siku soko la Shahe kwenye nguo za jumla, alisema mbele ya watu, "Wenzio wanakusanya dhahabu, wewe unakusanya sabuni isiyotoa povu." Jibu ninalo sasa. Asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kugombana na bei, nilikuwa nikikaa na chai yangu nikiwatazama wale watu wa kwenye kuta. Nilifurahi kwamba mtu mwenye kipaji alikaa chini siku nzima akakichora kiberiti kwa bidii, kama anamchora sultani. Nilihisi kazi za nyumbani kwetu zimeheshimiwa, ingawa aliyezichora hakutujua.

Mabango yalipofika kumi na moja, mama akawekewa tarehe ya operesheni ya mtoto wa jicho. Nikaamua niende nikae naye. Niliyashusha mabango yote kwa uangalifu, nikayazungusha pamoja ndani ya bomba moja la plastiki, nikaziba ncha kwa gundi ya karatasi na kulisukuma chini ya kitanda. Dirisha nikaliacha wazi kidogo ili nyumba ipate hewa. Nilijiona mtu mwenye akili.

Nilikaa Tanga miezi miwili. Jicho la mama likapona, na kitu cha kwanza alicholalamikia ni vumbi juu ya kabati.

Kwa aliyekaa Guangzhou sihitaji kueleza kosa langu, lakini kwa asiyejua ni hivi. Baridi inapokwisha, upepo wa kusini unarudi na unyevu wa bahari, unazikuta kuta zingali za baridi, na nyumba nzima inatoa jasho. Sakafu inalowa kama imepigwa deki. Maji yanachuruzika kwenye vigae. Watu hufunga madirisha yote na kufutafuta mpaka hali ipite. Mimi kila mwaka nilikuwepo kufunga na kufuta. Mwaka huo sikuwepo, na dirisha nililiacha wazi kwa mkono wangu.

Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya gunia lililolowa. Nikaenda moja kwa moja chini ya kitanda. Bomba lilikuwa limeota ukungu hata kwa nje. Mabango matatu ya juu yalitoka, yana madoa ya kijani na meusi, lakini yalitoka. Manane ya ndani yalikuwa yamegandana yakawa kitu kimoja, kama mkate. Nilijaribu kuvuta pembe moja, na sikio la msichana wa kakao likabaki mkononi mwangu.

Nikaacha. Nikakaa sakafuni penye maji, na begi langu la safari halijafunguliwa, nikalia.

Bibi mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya chini, alikuwa amepanda kunisalimu. Alinikuta vile. Aliinama, akagusa karatasi kwa ncha ya kidole, akanusa. Kisha akasema kwamba katika mji wa zamani, kule Liwan, nyuma ya maduka ya dawa za mitishamba, kuna mzee anayebandikia watu michoro na maandishi yao ya ukutani. "Anafufua karatasi," alisema. "Mwambie nimekutuma mimi."

Duka la mzee huyo lilikuwa chumba kimoja chenye meza nyekundu kubwa kuliko kitanda, na kuta zote zimebandikwa michoro inayokauka. Alikuwa mwembamba, wa miaka sabini hivi, amevaa mikono ya kitambaa juu ya shati ili asichafuke. Nilimwita shifu, kama wanavyomwita fundi aliyebobea. Alitazama mzigo wangu, akautazama tena kwa kioo cha kukuza, akasema, "Mei banfa."

Hakuna la kufanya. Neno hilo nalijua. Sokoni wakati mwingine ni mwisho wa mazungumzo, na wakati mwingine ndiyo mwanzo wa kupatana. Sikujua hapa ni lipi. Nikabaki nimesimama.

Akanieleza polepole, na pale niliposhindwa tukatumia simu kutafsiri. Karatasi hii ni ya mashine, imetengenezwa kwa mbao, inavunjika. Wino wake ni wa mafuta. Mikono yake yeye inajua karatasi za kwao. Kisha akauliza, kama mtu anayeaga, "Ni picha za nini?"

"Sabuni," nilisema. "Kiberiti. Polishi."

"Sabuni?"

Kichina changu ni cha sokoni. Naweza kusema kitambaa hiki kinachuja, naweza kuuliza kontena linaondoka lini bandari ya Huangpu. Sikuwahi kuhitaji kusema mama yangu alikuwa dobi. Nikaiweka simu chini nikamwonyesha kwa mikono: nikafikicha, nikasuuza, nikakamua, nikatia nili tone kwa tone, nikaanika, nikarushia maji, nikapiga pasi. Mzee wa watu alinitazama mpaka mwisho bila kucheka. Akasema neno lao la kufua, akanirudisha mara tatu mpaka nikalitamka sawasawa. Ndipo akasema, "Niletee moja kwanza. Ile ambayo ikifa hutalia."

Nilimchagua yule bwana wa siki. Alikuwa miongoni mwa yale matatu yaliyotoka, na nilishasema sikumpenda.

Fundi alijaribu kila rangi kwa pamba iliyoloweshwa. Nyeusi ikakaa. Njano ikakaa. Nyekundu ikakaa. Akalaza karatasi kifudifudi, akainyunyizia maji, akaipapasa kwa brashi bapa ya nyuzi zinazofanana na makumbi ya nazi. Alipoigeuza, wekundu wote ulikuwa umetoroka. Uso wa bwana wa siki ulikuwa umemwagikia kotini, na koti limemwagikia chini.

Nilingoja aniambie, si nilikwambia. Badala yake alisimama mikono yake ikichuruzika maji, akainamisha kichwa, akasema, "Samahani."

"Shifu, hakuna neno," nilimjibu. "Nilishakwambia huyu sitamlilia."

Kisha nikalia.

Alinipa kitambaa safi, akanipa maji ya moto ya kunywa, kama wafanyavyo huku kwa kila msiba. Nilipotulia akasema, "Lete yote."

Kuanzia hapo kila Ijumaa nikitoka msikitini nilikuwa nakwenda kwake. Hakugusa bango lingine kwa wiki kadhaa. Alimkata bwana wa siki vipande vidogo, akawa anavijaribu kimoja kimoja, hiki kwa mvuke, hiki kwa pombe kali, hiki kwa maji kidogo kutoka nyuma kupitia kitambaa kizito, mpaka akaelewa ule wino unakubali nini na unakataa nini. Mishumaa nayo ilimshinda, ukungu ulikuwa umekula karatasi yenyewe. Lakini paka wa polishi alitoka mzima, na siku ile fundi alipiga mluzi.

Gundi yake ilikuwa ya wanga wa ngano, na aliipika mwenyewe. Bega lake la kulia lilikuwa linamwuma, nikawa naona anapokoroga anapumzika, na akipumzika inafanya madonge. Ijumaa moja nikashindwa kuvumilia.

"Shifu, nipe mwiko."

"Hii si uji," alisema.

"Najua. Ni kanji."

Nikakoroga wanga kwa maji baridi kwanza mpaka ukalainika, nikamimina maji ya moto kidogo kidogo, nikazungusha upande mmoja tu bila kupumzika, mpaka ule weupe wa maziwa ukageuka ukawa kama kioo. Nikauchuja kwa kitambaa, nikaukamua. Yeye akachovya vidole viwili, akavisugua, akaviachanisha kutazama uzi unavyovutika.

"Nani amekufundisha?"

"Mama."

"Hao," alisema. Nzuri. Tangu siku hiyo gundi ilikuwa kazi yangu, na mwiko sikunyang'anywa tena.

Yale manane ya ndani tuliyatenganisha moja moja. Alikuwa anaulaza mkate ule juu ya matambara yaliyolowa kwa mvuke, anafunika, tunangoja. Kisha yeye anashika pembe huku na mimi kule. "Usivute," alikuwa akiniambia. "Ngoja likuachie lenyewe." Na kweli, ukingoja, likawa linaachia kwa sauti ndogo, kama mtu anayebandua jani la mgomba kwenye mkate wa kumimina. Niliharibu mawili matatu pembeni kabla mikono yangu haijakubali kungoja. Mimi ni mfanyabiashara. Kungoja si kazi niliyosomea.

Mama wa nili alikuwa wa ndani kabisa, kwa hiyo alitoka wa mwisho. Buluu ya mbingu yake ilikuwa imeacha kivuli mgongoni mwa bango la kanji, lakini kwake mwenyewe bado ilikuwepo. Shuka zilikuwa zimepata umanjano. Na shavuni alikuwa na doa jeusi la ukungu, kubwa kama punje ya kunde, ambalo halikutoka kwa mvuke wala kwa pombe.

"Naweza kulifunika," fundi alisema, akichagua brashi nyembamba yenye nywele zisizozidi kumi. "Hakuna atakayejua."

Nilimwomba angoje, nikampigia mama simu yenye picha, nikamwelekezea kamera kwenye lile shavu. Sasa mama alikuwa anaona vizuri kuliko mimi.

"Mwache hivyo hivyo," mama alisema. "Mfuaji gani hana doa?"

Nikamtafsiria fundi. Alilala mezani kwa kucheka, mpaka miwani ikamtoka. Kisha akairudisha brashi mahali pake na kusema mama yangu amesema kweli.

Yalipona tisa. Aliyabandika mgongoni karatasi yake nyembamba, akayapa vijiti juu na chini kama michoro ya kwao, ili yaweze kuzungushwa na kutunzwa kila moja peke yake. Alinitoza kama anavyomtoza jirani. Akanifundisha niweke makopo ya chokaa ya kunyonya unyevu chumbani upepo wa kusini unapokaribia, na akanifanya nirudie, kama mtoto wa chuo cha Kurani, siku gani ni za kufungua dirisha na siku gani ni za kulifunga.

Nimefikiri sana juu ya mtu huyu. Hakuwa na sababu ya kuyajua mambo yangu. Mabango yale yalichorwa Ulaya, vitu vilivyomo vilipanda meli vikafika Tanga, mimi nikatoka Tanga nikaja Guangzhou, na hapa mzee wa Kikantoni akakubali kuanza kujifunza upya kazi aliyoifanya maisha yake yote, kwa ajili ya picha za sabuni. Sijapata neno la Kichina la kumshukuru linalotosha. La Kiswahili ninalo, lakini yeye halijui, kwa hiyo nampikia.

Idi iliyofuata nilipika pilau, nikawaalika watu nyumbani. Walikuja wafanyabiashara wenzangu, wanafunzi wachache wa kwetu wanaosoma hapa, Waislamu na Wakristo, rafiki yangu wa Lubumbashi, bibi mwenye nyumba, na fundi, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mabango yalikuwa ukutani yote tisa. Watu waliacha vinywaji, wakawa wanazunguka. Mwanafunzi mmoja kutoka Kenya alisimama mbele ya jiko la mafuta ya taa akasema bibi yake alikuwa akilisafisha tambi zake kwa wembe, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Yule Mzanzibari wa Shahe, aliyenitania, alisimama mbele ya paka wa polishi muda mrefu. Mwisho akasema, bila kugeuka, "Baba alikuwa anapiga viatu vyake mwenyewe kila Alhamisi. Sisi alitutandikia magazeti tuyakalie kwa mbali, tusiguse polishi." Kisha akasema, "Samahani, dada, kwa yale maneno." Nikamwambia akae ale.

Fundi alinitaka nimtafsirie kila kitu. Nilijitahidi, tambi, wembe, magazeti. Alikuwa akitikisa kichwa kila mara. "Vitu hivi vyote mlikuwa navyo?" aliniuliza.

"Vyote."

"Nimeviosha miezi minne," alisema, "nikidhani ni vya Wazungu."

Sinia lilipokuwa linakwisha nilimwona anachungulia jikoni, anatazama sufuria. Nikadhani anataka kunisaidia kuosha, nikainuka kumzuia. Akanionyesha kwa kidole chini ya sufuria, pale wali uliposhika na kukauka, akaniuliza kwa aibu kidogo kama sisi tunautupa, maana kwao huo ndio unaogombewa.

Nikamwambia kwetu unaitwa ukoko, na hatuutupi. Nikaukwangua wote, nikamwekea sahanini peke yake, na bibi mwenye nyumba akavuta kiti akaja kukaa karibu naye.